Sahani ya Masimba



Ukifika Masimba, huku Gusii, jicho hukimbilia hoteli kubwa, zenye rangi mpya na muziki. Kile kibanda cha mabati nyuma ya soko, kisicho na bango, tunakipita. Jana tulikipita. Juzi tulikipita.

Leo ingia. Inama kidogo, mlango ni mfupi. Mama atapangusa meza, akuulize, "Nikuwekee na parachichi, mwanangu?" Kubali. Ataleta githeri yenye mvuke, nyanya imeivia ndani, nusu ya parachichi juu, na pilipili kando kwa anayeiweza.

Sasa itazame sahani. Mahindi, asili yake Meksiko. Parachichi, Meksiko. Pilipili ile, Meksiko. Hata maharagwe yalilimwa huko tangu kale. Vyote vilivuka bahari, vikapanda milima ya Gusii, vikawa vyetu kabisa. Mwambie mkulima wa hapa kwamba mahindi ni mgeni, uone atakavyokucheka!

Nairobi watu huvaa vizuri kwenda kula chakula cha Meksiko. Hapa unakila ukiwa na gambuti zako za shamba.

Sasa unakwenda kazini. Kuna mtu pale getini unayempita kila siku, kama tulivyokipita kile kibanda. Leo simama, umuulize kwao ni wapi.