Asili ya Muziki na Niya ya Moyo

Mtu akaaye Chanika, penye kitovu cha mji wa Handeni, husikia katika juma moja dufu za maulidi, kwaya ya kanisani, ngoma ya Kizigua arusini, na bongo fleva itokayo katika redio za bodaboda. Na kijana aliyelelewa baina ya sauti hizo, akijaaliwa mikono ya kupiga ala nyingi na ulimi wa kughani, aghalabu huzikutanisha katika wimbo mmoja pasipo kuomba ruhusa ya mtu. Hapo hulaumiwa na makundi mawili ya watu wenye heshima. La kwanza humwambia kwamba ameipoteza asili. La pili humwambia kwamba ala zenyewe ni maasi, na kwamba kipaji chake kitamshuhudia vibaya siku ya hesabu. Lawama hizo zastahili jawabu la taadhima, maana zote mbili zatoka katika hofu ya kupotewa na kitu chenye thamani.

Katika wanamuziki wa nchi hii, Remmy Ongala aliyabeba maswali hayo maisha yake yote. Alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, mashariki ya Kongo, akajifunza ngoma na gitaa, na mwaka 1978 akafika Dar es Salaam kuingia katika Orchestra Makassy ya mjomba wake, kisha akaiongoza Super Matimila. Muziki wake, aliouita ubongo, ulichanganya magitaa ya Kongo na midundo ya nchi iliyompokea. Na mwaka 1988 ulimfikisha Ulaya katika matamasha ya WOMAD, akarekodi baadaye Uingereza katika studio za Real World. Miongoni mwa nyimbo zake umo mmoja uitwao Muziki Asili Yake Wapi, na swali hilo ndilo tunaloulizwa sisi.

Tuitazame taarabu, ambayo wazee wa pwani huitaja leo kuwa urithi wetu halisi. Mapokeo yasema kwamba ilifika Unguja kutoka Misri katika enzi ya Sultani Barghash, ikiimbwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Akaja Siti binti Saad, binti wa Fumba, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika santuri huko Bombay. Kisha Tanga, karibu na kwetu, Black Star Musical Club ikaitia magitaa ya umeme na mwendo wa dansi. Kila kizazi kilipokea kilichochanganywa, kikakipenda hata kikakiita asili, kikamlaumu aliyekuja kukichanganya tena. Lakini haifuati kwamba kila mchanganyiko ni mwema. Siti aliufahamu uimbaji wa Kiarabu kwa dhati kabla ya kuupa lugha ya watu wake. Na afanyaye haraka ya kuchanganya asivyovijua, akachota juu juu mdundo wa babu zake kwa sababu unauzika, huyo amevidhulumu vyote alivyovichanganya. Uaminifu kwa asili ni kujifunza kwa bidii kabla ya kugeuza.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, nayo ilijadiliwa na wanazuoni kabla ya gitaa kufika kwetu. Al-Farabi, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 950, aliandika kitabu kikubwa juu ya elimu ya muziki. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Ihya alifundisha kwamba sauti huchochea kile kilichokwisha kuwamo ndani ya moyo wa msikiaji. Na ala za nyuzi alipozikataza, alitaja kwamba zilikuwa alama ya mabaraza ya walevi. Wako maulamaa waliokaza zaidi yake na waliolegeza zaidi yake, wala si kazi yangu kuwaamua. Lakini mtu mwenye kufikiri ataona kwamba sababu ya namna hiyo yatazama suhuba na niya, ambavyo ni vya mwanadamu, kuliko mti na uzi, visivyo na dhambi.

Kwa mizani hiyo nampima Remmy. Mwishoni mwa maisha yake, yaliyokoma Desemba 2010, aliokoka, akauacha muziki wa dansi na kuimba injili. Na wako waliosema kwamba hapo tu ndipo alipoanza kumtumikia Mungu. Mimi siwezi kukubali. Ukimwi ulipokuwa ukiwamaliza vijana na wakubwa wakiona haya kutamka, yeye aliimba Mambo kwa Soksi, akiwahimiza watu kutumia kondomu, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga wimbo huo. Nawaelewa waliouona umevunja staha. Lakini aliyeihatarisha heshima yake ili roho za watu zisalimike alikuwa katika ibada, ijapokuwa ukumbi ulikuwa wa dansi. Toba humsafisha mtu makosa yake. Mema yake haiyafuti.

Kadhalika Wagosi wa Kaya, vijana wa mkoa wetu huu wa Tanga, waliposhika lafudhi ya nyumbani na kuitia katika rap, wakiwasema wauguzi wanaowakaripia wagonjwa, walitenda kazi ya kukataza mabaya ambayo dini zetu zote zimeiamuru, na ambayo wengi wetu tumewaachia wengine.

Basi kijana wa Chanika asiulizwe kwanza anapiga aina gani ya muziki. Aulizwe kama amejifunza kwa waliomtangulia, kama asemayo ni kweli, na kama mnyonge akimsikia hupata nguvu au hupata fedheha. Akiweza kujibu hayo kwa dhamiri safi, amana aliyopewa ameitunza. Na sisi tuliomzunguka, wenye misikiti, makanisa na ngoma za kale, tuna wajibu wa kumfunza tulivyo navyo kwa ukamilifu, kwani hatuna haki ya kumlaumu kwa kuipoteza asili ambayo hatukumpa.