Si kila ganzi ni jini

Ndugu Waislamu, leo nina jambo la kukiri mbele yenu.

Mpwa wangu alikuwa na miaka 27 alipoanza kuona ukungu katika jicho moja, nalo likimuuma kila akilizungusha. Baada ya wiki chache likapona. Miezi ikapita, ikaja ganzi ya miguu iliyopanda hadi kiunoni. Akawa anachoka kabla ya adhuhuri, na akiinamisha shingo anasikia kama umeme unamteremka mgongoni. Mimi mjomba wake, ninayesikilizwa katika familia, nikasema: huyu ana jini. Tukamsomea ruqya siku saba, kisha ganzi ikaondoka. Nikasimama katika darsa nikalisimulia hilo kama ushahidi.

Baada ya miezi mitano alianguka akienda kuoga. Mguu wa kulia hauna nguvu. Ndipo tukampeleka hospitali ya rufaa. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu aliuliza habari za jicho lile ambalo sisi tulishalisahau. Akampima damu, maana ganzi huweza kuletwa pia na kisukari, upungufu wa vitamini B12 au Virusi vya UKIMWI. Akapigwa picha ya MRI ya ubongo na uti wa mgongo, na maji ya uti wa mgongo yakapimwa. Jibu likawa maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS.

Katika maradhi haya, kinga ya mwili huushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu, mfano wa plastiki inayofunika waya wa umeme. Utando ukichunika, ujumbe wa ubongo hukwama njiani. Hayaambukizi. Mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, na huwapata zaidi wanawake.

Sasa sikilizeni mtego ulioninasa. Kwa wagonjwa wengi MS huja na kuondoka. Shambulio hukaa siku au wiki kadhaa, kisha hupungua lenyewe hata bila dawa. Basi yeyote aliyemhudumia mgonjwa wakati huo, awe shekhe, mganga au muuza mafuta, hujiona ndiye aliyemponya. Kumbe kovu limebaki ndani, na shambulio lijalo huweza kuacha ulemavu.

Je, naikataa ruqya? Hasha! Ruqya ni dua. Lakini mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu. Kumsomea mgonjwa huku ukimzuia asiende hospitali si tawakkul, ni kumdhulumu.

Dawa ya kuyaondoa kabisa maradhi haya bado haijapatikana, lakini zipo za kupunguza mashambulio. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1993, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa muhimu. Nyingi ni ghali, ila hufaa zaidi zikianzwa mapema. Shambulio kali hutulizwa kwa steroidi. Mazoezi husaidia, sigara hudhuru, na joto huzidisha dalili kwa muda, hivyo mgonjwa aepuke jua kali.

Dini nayo imemfanyia wepesi. Imran bin Husayn (r.a) alipougua, Mtume (s.a.w) alimfundisha kuswali kwa kukaa asipoweza kusimama, na kwa ubavu asipoweza kukaa. Katika Suratul-Baqara, aya ya 185, mgonjwa amepewa siku nyingine za kufunga. Vipi basi sisi tumkalifishe?

Na enyi waume, uchovu wa mgonjwa huyu si uvivu. Mume wa mpwa wangu alishaanza kushauriwa amuache, eti mkewe ana mume wa kijini! Maneno hayo yalitokana na ulimi wangu.

Nilirudi katika darsa lile lile nikasema: nilikosea. Leo mpwa wangu anaswali akiwa ameketi kitini, na mumewe ndiye anayempeleka kliniki. Ewe ndugu, ukiona jicho limefifia kisha likapona, ganzi ikaja kisha ikaondoka, usishangilie upesi. Andika tarehe, nenda kwa daktari umweleze yote, na dua yako iende pamoja nawe.

Wallahu a'alam.