Wajina wa Mwalimu

Kwenye miamba ya visiwa vya Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, huishi furu mdogo ambaye dume lake lina ubavu wa njano na mgongo mwekundu. Mwaka 1985 wanasayansi walimpa jina la nyererei, kwa heshima ya mtoto wa Butiama, Mwalimu Nyerere.

Wajina huyo hana lango la kukusanyia dola. Simba analo: wageni wa Serengeti hulipa kiingilio pale Ndabaka, Bunda. Sangara naye ana viwanda vya minofu. Tangu apandikizwe ziwani miaka ya 1950 na 1960, aina za furu zinazokadiriwa kufikia 200 zimetoweka, nyingine kabla hata hazijapewa jina.

Je, kiumbe asiyeingiza senti ana haki ya kudai senti?

Nuhu hakuambiwa apakie wanyama wenye mvuto peke yao (samaki, kweli, hawakuhitaji safina). Kurani inawaita wanyama na ndege umma kama wanadamu. Papa Fransisko aliandika mwaka 2015 kwamba kila kiumbe ana thamani yake mwenyewe, mbali na faida anayoipata mtu. Nyerere mwenyewe, Arusha, Septemba 1961, alikiri kuwa uhifadhi unahitaji wataalamu na fedha, akaomba mataifa mengine yasaidie.

Wafadhili walisikia, wakamtazama tembo. Wanaomuenzi Mwalimu kila Oktoba wangechangia basi mtumbwi mmoja na nyavu za watafiti wa furu.