Wewe ni Mroma au Mkatoliki?



Kijana mwenzangu, bila shaka umeshawahi kuulizwa: "Kwani wewe ni Mroma?" Unajibu ndiyo, mnaendelea na stori nyingine. Lakini kuna anayesikia Roma akawaza mji wa mbali huko Ulaya, kisha akahitimisha kwamba imani yako ni ya Wazungu, wewe umeiazima tu.

Usikasirike. Roma ni yetu kweli: mapokeo ya Kanisa yanasema Petro na Paulo waliuawa huko kwa ajili ya Kristo, na Askofu wa Roma ndiye mwandamizi wa Petro. Ila jina hilo halimalizi yote. Wapo ndugu zetu wa Ethiopia na Eritrea wanaosali kwa liturujia yao ya kale ya Ge'ez, na Wamaroni wa Lebanon nao wana yao. Liturujia zao si za Kiroma, lakini wameungana na Papa, ni Wakatoliki kamili kama wewe.

Sasa fungua Matendo ya Mitume 11:19-26. Mwanzoni waliotawanyika walihubiri kwa Wayahudi peke yao. Walipofika Antiokia, baadhi yao wakaanza kusema na Wagiriki pia, na wengi wakaamini. Ni katika mji huohuo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Unaona? Kundi lilikuwa la watu mchanganyiko, halikuweza tena kuitwa kwa jina la kabila moja. Likaitwa kwa jina la Kristo.

Na askofu wa Antiokia hiyohiyo, Mtakatifu Ignasi, mwanzoni mwa karne ya 2, akiwa amefungwa minyororo anapelekwa Roma kuuawa, aliwaandikia Wakristo wa Smirna akilitaja Kanisa "katoliki". Ni neno la Kigiriki lenye maana ya zima, la wote.

Basi hapo ndipo pagumu, vijana. Tunalikiri neno hilo kila tunaposali Nasadiki. Lakini jirani yako hasomi Kigiriki, anakusoma wewe. Mgeni akija jumuiya akakaa peke yake mpaka sala inaisha, neno "la wote" limekuwa uongo machoni pake. Kwaya ikiwa ya kabila moja, au kikundi cha vijana kikiwa cha wenye simu kali tu, tutawalaumuje watu wa nje kwa kutoelewa imani yetu?

Siku ukiulizwa tena, jibu kwa upole: "Mimi ni Mkatoliki, maana yake Kanisa la wote. Karibu." Halafu Jumapili hii, mtafute yule ambaye huwa hasalimiwi na mtu baada ya Misa. Mwite kwa jina lake. Kama hulijui, muulize.

Ignasi alitamani asiitwe Mkristo kwa jina tu, bali aonekane kuwa Mkristo kweli. Nasi tuombe neema hiyohiyo.

Mtakatifu Ignasi wa Antiokia, utuombee.