Mnunuzi Asiyeona Gunia

Soma: Mambo ya Walawi 19:13–14, 35–37, Amosi 8:4–6, Nehemia 13:15–22, Zaburi 15.

Wafanyabiashara aliowakemea nabii Amosi walikuwa wakifunga duka siku ya Sabato. Jambo hili hutupita tunaposoma haraka. Hawakuuza ngano siku hiyo; walikaa wakihesabu saa, wakiulizana itakwisha lini wapate kufungua ghala. Na walipofungua, efa ilikuwa ndogo na shekeli ilikuwa nzito. Amosi ameyaweka mambo hayo mawili katika pumzi moja, nasi tumezoea kuyatenganisha: Sabato tunaifundisha juma hili, mizani tunaiacha kwa juma lingine. Tuyasome pamoja, maana siku hizi duka limo mfukoni, nalo huingia nasi kanisani.

Hapa Sumbawanga mama asiyeweza kulipa kodi ya fremu anaweza kupiga picha gunia la maharage, akaiweka kwenye status ya WhatsApp au Instagram, akapokea fedha kwa simu, na mzigo ukaondoka kwa basi kwenda kwa mtu wa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Ada ya mtoto imelipwa kwa njia hiyo. Sioni sababu ya mkristo kuiogopa biashara ya namna hii. Lakini wenzake wanaouza maharage yale yale ni wengi, na mnunuzi huhama kwa kidole kimoja. Hapo ndipo swali linapoanza.

Sokoni mnunuzi hutia mkono mpaka chini ya gunia. Huchota, hupepeta kiganjani, hutafuna punje, huuliza kama mzigo ni wa msimu huu. Wa mtandaoni hawezi lolote katika hayo. Ana picha tu, na picha ameipiga muuzaji. Katika Walawi 19 Bwana anakataza kumwekea kipofu kikwazo njiani, na papo hapo anaagiza kumcha Mungu. Kwa nini kumcha Mungu kumetajwa pale? Kwa sababu kipofu akijikwaa hamjui aliyemtegea. Hakuna shahidi ila Mungu. Kisha, katika sura hiyo hiyo, zinafuata mizani na vipimo vya haki. Mimi naamini mnunuzi wa mtandaoni ndiye kipofu wa fungu hilo katika kizazi chetu, na wala si kwa kosa lake.

Sisi wa Ufipa twaijua lumbesa. Mkulima hujaziwa gunia mpaka linaota kichwa cha kamba juu, halafu analipwa kama gunia moja. Serikali imekataza, Wakala wa Vipimo wanaikemea, na kila mavuno twaisikia tena. Katika duka la simu lumbesa imegeuka: kilichojazwa juu ni sifa, na kilichopunjwa ni mzigo. Picha ya maharage yaliyochambuliwa moja moja, gunia lina mawe. Picha yenyewe imechukuliwa kwa muuzaji mwingine. Mchele wa bonde la Ziwa Rukwa ni mzuri, nimeula miaka yote, lakini jina lililozoeleka mjini ni Kyela. Kwa hiyo mtu anaandika Kyela. Ni neno moja tu! Wengine hutunga jumbe za wateja wanaoshukuru, wakaziita ushuhuda. Sisi tunaosimama kutoa shuhuda kanisani tungepaswa kushtuka kulisikia neno hilo likitumika hivyo, kwa kuwa amri ya tisa haikuacha nafasi ya matangazo.

Na ile desturi ya kuficha bei, mpaka mnunuzi aandike faragha? Ndugu wengine hujibu kwamba hata sokoni bei ni maelewano. Ni kweli, na Mithali 20:14 yaonyesha kwamba mnunuzi naye ana hila zake. Lakini sokoni wote wawili wanaonana na majirani wanasikia. Anayeficha bei ili kwanza aitazame picha ya mteja, apime uwezo wake, ndipo ataje kiasi, ana mawe mawili mfukoni, zito na jepesi. Kumbukumbu la Torati 25:13 inahusu mfuko huo.

Lililo gumu kuliko hayo ni hili. Tuseme mama yetu amekubaliana bei Jumatatu, amepokea fedha za magunia matano, naye bado hajanunua kwa wakulima wa Laela. Alhamisi bei ya shambani imepanda. Akituma mzigo kwa bei ile, faida yote imekwenda na pengine mtaji umeguswa. Mshindani wake angeandika, "Samahani, ongeza kidogo," na mnunuzi angeongeza, kwa kuwa fedha yake imeshashikwa. Zaburi 15:4 inamtaja mtu aliyeapa kwa hasara yake asigeuke. Zaburi haisemi kwamba atarudishiwa hasara hiyo mwezi ujao. Waalimu tusiongeze ahadi ambayo Neno halikuitoa. Yupo mshiriki mwaminifu atakayepoteza mteja kwa kusema mawe yamo.

Sasa Sabato. Duka la simu halina mlango, linapokea oda hata mwenyewe akiwa katika ibada. Wapo wanaosema mashine inajifanyia kazi, kama kuku atagaye Sabato. Nehemia hakuridhika na kuwaonya Wayuda wasiuze. Alifunga malango, na wachuuzi walipolala nje ya ukuta akawaondoa na huko. Duka la B&H la New York, linalouza kamera na vyombo vya picha na kuendeshwa na Wayahudi washika dini, huzima hata uwezo wa kulipa mtandaoni Sabato ikiingia. Mtu anaweza kutazama bidhaa, hawezi kununua. Wanashindana na makampuni makubwa ya Marekani yasiyolala, na bado huzima.

Sidhani mtu akituma fedha kwa namba yako Jumamosi saa sita mchana, bila wewe kujua, umevunja Sabato. Ujumbe wa kujijibu unaosema umefunga mpaka jua lizame ni lango la kutosha. Lakini tangazo la kulipia, ulilolipanga lizunguke usiku wa Ijumaa, ni mchuuzi uliyemtuma wewe mwenyewe akalale ukutani. Na simu inayotetemeka mfukoni wakati wa lesoni, ukaichungulia "mara moja tu", imekuketisha pamoja na wale wa Amosi.

Kwa majadiliano katika kikundi: Mshiriki mwenzenu anauza mtandaoni bidhaa ile ile uuzayo wewe, naye ameanza kutumia picha zako. Utamwendea kwa hatua zipi, ukizingatia Mathayo 18:15–17? Na ikiwa wateja wako wamehamia kwake, je, waweza kumwombea afanikiwe?