Kumchangamsha dhalimu: Ni wema au dhambi?

KUMTIA furaha askari aliye katika vita vya dhulma, ni wema au ni dhambi? Nimejiuliza swali hili baada ya kusoma habari za Adrian Cronauer, aliyefariki Julai 2018 akiwa na umri wa miaka 79.

Kati ya mwaka 1965 na 1966 Cronauer, sajenti wa Jeshi la Anga la Marekani, alikuwa mtangazaji wa redio ya jeshi mjini Saigon, Vietnam. Kila alfajiri aliwaamsha askari kwa salamu ya kuvuta sauti, kisha mzaha na muziki. Filamu ya mwaka 1987 ilimwonyesha kama mwasi. Mwenyewe alikanusha, akasema angefanya nusu tu ya yale angefikishwa mahakama ya kijeshi.

Ndugu msomaji, tusiharakishe kumhukumu. Kumwondolea mtu huzuni ni jambo lenye thawabu, na baadhi ya vijana wale walipelekwa vitani kwa lazima. Lakini redio ile haikuwekwa kwa huruma. Iliwekwa na jeshi, habari zake zikachujwa na jeshi, ili askari aamke na nguvu za kurudi kazini. Na kazi yenyewe tunaijua. Mwaka 1995 serikali ya Vietnam ilikadiria kuwa raia milioni mbili waliuawa.

Kutoka Hanoi, mtangazaji Trinh Thi Ngo aliwasomea askari haohao majina ya wenzao waliokufa, akiwauliza wanapigania nini. Naye alitumwa na serikali yake, lakini swali lake lilikuwa la haki.

Mtume (SAW) ametuamuru tumsaidie ndugu yetu, awe amedhulumiwa au ni dhalimu. Alipoulizwa dhalimu anasaidiwaje, alijibu kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu. Basi faraja isiyomzuia inamsaidia nani?

Nasema haya nikijihukumu mwenyewe. Rafiki yangu alinijia akiwa na mawazo, kwani alikuwa amemnyima dada yake fungu lake la mirathi. Nilimtania mpaka akacheka, akaondoka na moyo mwepesi. Dada yule hajapata haki yake mpaka leo. Pengine mawazo yale yalikuwa rehema ya Mwenyezi Mungu kwake, nami nikayafukuza kwa mzaha.

Nahofia nitaulizwa juu ya kicheko kile. Wallahu aalam.