Kampuni nyeusi na jasho la mfanyakazi

WAJAPANI wana neno 'karoshi', yaani kifo kinachotokana na kufanya kazi kupita kiasi. Wana pia 'burakku kigyo', kampuni nyeusi inayowanyonya vijana. 'Sabisu zangyo', saa za ziada zisizolipwa. Na 'shachiku', mtu aliyegeuzwa mfugo wa kampuni.

Ndugu Waislamu, jina halitungwi bila ya kuwepo kitu. Mwaka 2014 Japani ilipitisha sheria ya kuzuia karoshi. Mwaka uliofuata, binti wa miaka 24, mwajiriwa wa kampuni kubwa ya matangazo, alijiua kwa kuelemewa na kazi. Mwaka 2017 mahakama iliitoza kampuni hiyo faini ya yen 500,000 kwa kuwazidishia wafanyakazi saa kinyume cha sheria. Ikajiendea na shughuli zake.

Sisi tulikwishafundishwa. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na tusiwatwishe walio chini yetu wasiyoyaweza. Katika Hadithi aliyoipokea Bukhari, Allah (s.w.) ameahidi kuwa Siku ya Kiyama atakuwa hasimu wa mwenye kumtumikisha mtu kikamilifu kisha asimpe ujira wake.

Basi tujiulize. Binti wa kazi nyumbani kwako hulala saa ngapi? Kijana wa dukani hulipwa zile saa za baada ya Isha? Huenda sisi hatuna neno la dhulma hiyo. Hesabu yake ipo, na hailipwi kwa faini.